Bima ya Mama Yangu na Madai ya Mwanangu

Vijana wangu, mliponialika kuja kuzungumza kwenye mafunzo yenu nilisema magoti hayataki ngazi. Ulikuwa uongo. Magoti haya yananipeleka sokoni na kunirudisha na kapu limejaa. Nilichokikimbia ni swali. Katika kila mkusanyiko wa mawakala wa bima hakosekani mtu wa kuuliza, "Mama, katika kazi yako yote, madai gani yalikutesa zaidi?" Nikiwa nimesimama mbele yenu nisingeweza kujibu. Kwa maandishi nitajaribu, maana haya ikinizidi naweza kuweka kalamu chini, nikaenda kukoroga mchuzi, nikarudi.

Kwa wasionijua: nimeuza bima za maisha hapa Bagamoyo tangu nywele zangu nyeusi mpaka nilipostaafu. Hapa mtaani kwetu Dunda wananiita Mama Bima. Jina la kuzaliwa wamelisahau kabisa. Majuzi nimeletewa kadi ya harusi imeandikwa "Mama Bima na mwenzake", ilhali mwenzangu alikwenda mbele ya haki zamani, na wala hakuwa na bima. Mume wa wakala! Nalo mlicheke, nimeshalizoea.

Nianze na ya kuchekesha, kwa sababu huko mbele yatapungua.

Wiki yangu ya kwanza kazini niliingia nyumba moja hapa hapa Dunda, asubuhi, mama wa watu anapepeta mchele. Nikaketi, nikafungua mkoba, nikatamka kama tulivyofundishwa darasani: "Mama, tuseme ukifa leo, watoto hawa utawaachia nini?"

Akaweka ungo chini. "Tuseme nani afe?"

"Ni mfano tu, mama."

"Mfano mtumie mama yako!" Kisha akapaza sauti ya kuita majirani. "Jamani, njooni mumwone huyu! Kaja kunipima sanda na chai sijanywa!"

Nilitoka pale viatu mkononi. Nikaenda kumlalamikia mzee aliyekuwa ananifundisha kazi, Mzee Shomari, wakala wa zamani aliyetembea na baiskeli na mwavuli hata kiangazi. Hakunipa pole. Aliniuliza, "Ulifungua mkoba kabla hujapewa maji?"

"Ndiyo."

"Basi ulikuwa mpita njia bado. Mpita njia hazungumzi kifo kwenye nyumba ya mtu. Kunywa maji yao kwanza. Uliza watoto, wakutajie majina. Na usiseme kufa. Sema 'siku ile'. Kila mtu anaijua."

Nimesema "siku ile" maisha yangu yote. Na hilo la majina lilinifaa kuliko vitabu vyote: mtu akiulizwa watoto wake, yule anayemtaja huku sauti ikishuka ndiye anayemnyima usingizi. Bima yako iuze kwa ajili ya huyo. Nyinyi siku hizi mnauza kwa simu, mteja anabonyeza nyota na alama ya reli, mchango umekwenda. Ni vizuri, risiti hazipotei. Lakini sauti ikishuka, simu haiwaambii.

Msata ndiko nilikojifunza kubishana. Pale magari ya Segera na Chalinze yanapopishana na ya kwetu, madereva wa malori hushuka kula, na dereva anayekula ana muda. Mmoja aliniambia, "Punguza mchango."

"Bima haipunguzwi. Si nyanya."

"Dunia hii kila kitu hupunguzwa, hata mahari."

Basi nikajifunza kutaja kwanza ule mpango mkubwa, nikavutana naye bei hadi sauti ikakauka, ndipo nikamshukia na mpango mdogo ambao ndio niliokuja nao. Akalipa akijiona mshindi. Noti zake nilizihesabu mara mbili: mara ya kwanza mbele yake ili aone, mara ya pili nyuma ya lori ili mimi nijue. Mara ya pili ikapungua noti moja. Nilirudi nikamkuta anacheka, noti aliyoichomoa nikiandika risiti iko mezani chini ya sahani. "Nilitaka kuona kama unafaa kushika pesa za watu," akasema. Huyo alikaa na bima yake mpaka akaacha usukani.

Sasa kuna jambo la kazi lazima niliseme ili mnifuate. Mwenye bima akimtaja mtoto chini ya miaka kumi na minane kuwa ndiye wa kulipwa, siku ile ikifika pesa hazikabidhiwi mtoto. Anatafutwa mlezi, mtu mzima, naye huja na barua ya serikali ya mtaa kwamba ndiye anayemlea. Mlezi anapokea kwa niaba. Hapo ndipo penye mlango, na mlango huo hauna komeo kubwa. Anayeijua nyumba hupita.

Mama yangu mzazi nilimuuzia bima mimi mwenyewe. Alinisumbua kuliko dereva wa Msata. Alitaka apunguziwe kwa kuwa alininyonyesha. Tulipofika kwenye kumtaja wa kulipwa, sikumuuliza watoto, maana watoto wake tulikuwa wawili, mimi na kaka yangu Athumani, na Athumani alikwishafariki akaacha binti mdogo, Zuhura. Mama yake Zuhura aliolewa tena mbali. Mtoto akabaki kwa bibi yake, analala naye, anamsomea majina ya dawa.

"Andika Zuhura," mama akasema.

Nilikuwa na mwanangu wa kwanza, Jabiri, mjukuu wake mkubwa, aliyemdekeza mpaka majirani wakasema. Nikauliza, nusu kwa utani, "Na Jabiri?"

"Jabiri ana mama. Zuhura ana mimi tu. Andika."

Nikaandika. Niliona sawa, na bado naona sawa.

Mama alifariki Zuhura akiwa kidato cha nne, na miaka kumi na saba. Alikufa vizuri, kama mtu anavyoomba kufa, amekwisha swali alfajiri. Tukazika siku hiyo hiyo baada ya adhuhuri. Sisi wanawake tulibaki nyumbani na masufuria, kwa hiyo yaliyosemwa makaburini niliyapata kwa wanaume waliporudi kula. Mnajua kwetu udongo ukishafukiwa na dua ikishasomwa, mtu wa familia husimama akasema: anayemdai marehemu na aje kwetu. Mara nyingi husemwa kwa sauti ya chini, na watu hutawanyika. Jabiri hakusema kwa sauti ya chini. Alisimama akasema madeni yote ya bibi yake yaje kwake yeye, peke yake, na kabla ya arobaini bibi yake hatadaiwa hata kiberiti.

Jirani yangu Bi Kidawa alinijia jikoni machozi yamemlenga. "Umezaa, mwenzangu. Wallahi umezaa."

Nami nilijivuna. Nikasema alhamdulillahi, nikaongeza samli kwenye wali.

Duka la Jabiri ni la makava na chaja za simu, karibu na stendi. Linatosha kula yake na ya mkewe. Wenye kudai walipokuja walikuwa wawili tu, lakini si wa kiberiti. Mama alikuwa ameezeka upya nyumba yake kwa mabati ya mkopo, na alikuwa amechukua pesa kwenye kikoba cha wenzake akamlipia Zuhura ada. Mimi nilijua la kikoba, la mabati sikulijua. Jabiri hakujua hata moja. Alikwishasema, tena mbele ya Dunda nzima.

Wiki ya pili baada ya mazishi, Zuhura akiwa amekwisha hamia kwangu, tulikuwa uani, mimi nimekalia mbuzi nakuna nazi, yeye anavunja nyingine. Simu ya bibi yake ikaita, kile kitochi chenye kifuniko kilichofungwa kwa mpira. Zuhura hakutaka kizimwe, alisema watu wa mbali bado wanapiga kutoa pole. Mikono ilikuwa na maji ya nazi, akaweka sauti ya nje.

"Naongea na Zuhura?"

"Ndiye mimi."

"Pole kwa msiba, dada. Napiga kutoka ofisi ya bima, namba hii ndiyo iliyo kwenye jalada, nahakiki tu. Bado unasoma?"

"Ndiyo."

"Vizuri. Mlezi wako ameshakamilisha kila kitu, kwa hiyo tunatarajia wiki ijayo—"

"Mlezi wangu nani?"

Karatasi zikasikika zikifunuliwa. "Bwana Jabiri. Si ndiye unayekaa kwake?"

Zuhura akaweka nazi chini. Alinitazama mimi. Nikamnyang'anya simu, nikasema mtoto atapiga mwenyewe baadaye, nikakata. Halafu nikafanya jambo la kijinga: nikaendelea kukuna nazi. Nilikuna mpaka mbuzi ikafika kwenye kifuu, tui likatoka la rangi ya udongo.

"Shangazi."

"Naam."

"Mimi nakaa kwa kaka Jabiri?"

"Hukai, mwanangu."

"Basi kwa nini amesema?"

Nimekaa na wateja waliofiwa zaidi ya ninavyoweza kuwataja. Nimewaona ndugu wakigombania bima juu ya mkeka wa msiba ungali umetandikwa. Nilikuwa nikirudi nyumbani namwambia marehemu mume wangu, "Watu gani hawa? Wamelelewa na nani?" Siku ile uani nililijua jina la aliyemlea.

Nikaenda dukani kwa Jabiri mchana. Nilisimama kwanza ng'ambo ya barabara nikanywa juisi ya miwa, nimtazame.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Funga mlango kidogo."

"Nina wateja, mama."

"Wateja gani? Nimemaliza glasi nzima hapo ng'ambo, hajaingia hata nzi."

Akafunga. Sikumzungusha. Nilimwambia ofisi imepiga simu na Zuhura kaipokea. Akakaa kwenye stuli, akaanza kupanga chaja zilizokwisha pangwa.

"Nilisema mbele ya watu, mama."

"Nilisikia. Nikakuongezea samli."

"Yule wa mabati anakuja hapa kila asubuhi. Hasemi kitu. Anasalimia, anakaa hapo ulipo wewe, anasoma gazeti, anaondoka. Ningefanyaje?"

"Ungeniambia."

"Niseme nini? Kwamba nilijitapa kwenye kaburi la bibi?" Akaacha chaja. "Na deni la maiti unalijua mwenyewe. Roho yake imefungwa. Pesa ni za bima yake, madeni ni yake. Hata sheikh ukimuuliza atakwambia deni hutangulia."

"Hoja hiyo ni nzuri," nikamwambia. "Ungeileta barazani, mchana, sheikh akiwepo na Zuhura akiwepo, tungeisikiliza. Mbona uliipandisha gari kimya kimya ukaenda nayo Dar?"

Akaokota chaja moja, akakunja waya wake.

"Na barua ya mtaa uliipataje? Kila mtu anajua mtoto anakaa kwangu."

Hapo akainamisha kichwa. "Mwenyekiti hakuniuliza. Alisema, 'Wewe mtoto wa Mama Bima, mambo haya unayajua kuliko sisi.' Akagonga muhuri."

Kwa hiyo alipita kwa jina langu. Jina nililolitafuta kwa miguu, Dunda hadi Mbegani, jua la saa saba, maji ya kila nyumba nimekunywa. Halikuulizwa hata swali moja.

"Ningemrudishia," akasema.

"Kutoka wapi?"

Tukatazama duka wote wawili. Akasema, "Mama, usiende ofisini. Ngoja arobaini ipite."

Nilitoka sikumwambia ndiyo wala hapana. Na sasa nakuja mahali ambapo nimekwisha koroga mchuzi mara kadhaa kabla ya kuandika.

Njiani kurudi, akili yangu ya Msata iliamka. Nikaanza kupanga bei. Nilipofika nyumbani Zuhura alikuwa anakunja sare za shule. Nikaketi kitandani kwake, sauti laini.

"Zuhura, sikiliza. Pesa ni zako. Madeni ni ya bibi yako, na mojawapo ni la ada yako. Tuseme theluthi moja iende kwenye madeni, mbili zibaki. Kaka yako ataandika barua ya kujitoa. Hapatakuwa na haja ya kupinga chochote ofisini, wala jina la mtu kuingia kwenye jalada."

"Theluthi?"

"Au robo."

Nilishusha kabla hajaomba. Mnajua maana yake. Muuzaji anayeshusha kabla hajaombwa, mteja huanza kukagua mzigo.

Zuhura aliweka sare juu ya magoti. "Shangazi, katika hili wewe ni wakala wa nani?"

"Wa wote wawili."

"Ofisini kwenu inaruhusiwa?"

Hairuhusiwi. Nilimfundisha mimi. Alipokuwa mdogo nilikuwa nikimsimulia habari za kazi akiwa anasukwa nywele, na hiyo ilikuwa mojawapo: wakala hawezi kusimama pande zote mbili za madai. Sikuweza kumtazama. Nilitazama soksi zake, zilizoshonwa kisigino na bibi yake kwa uzi wa rangi nyingine.

"Nisaidie barua ya kupinga," akasema. "Wiki ijayo si mbali."

"Nitakuandikia."

"Hapana. Niambie tu. Niandike mimi."

Tukahamia mezani tukaandika saa ile ile, jua likiwa bado kali. Na haya ni ya kazi, myashike. Barua ya kupinga madai isiwe ndefu. Anza na namba ya bima na jina la marehemu, kisha sema unachotaka kwenye mstari wa kwanza: malipo yasimamishwe. Baadaye ndiyo sababu. Ambatisha cheti cha kuzaliwa na barua ya shule inayoonyesha mtoto anaishi wapi. Toa nakala, na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa mbele ya macho yako. Usiache ya kwako mkononi mwa mtu anayesema "tutakupigia". Na peleka mwenyewe. Malipo yakishatoka, kuyarudisha ni kesi, na kesi hula kuliko deni.

Alipofika kwenye sababu akainua kalamu. "Niandike amedanganya?"

"Andika kilichotokea. Kwamba si mlezi wako, huishi naye, hukuambiwa. Neno lingine waachie walitamke wao."

"Unamtetea?"

"Barua yenye hasira huwekwa chini ya nyingine. Ningemwambia hivyo mteja yeyote."

Alinitazama muda, akapima, akaandika nilivyosema. Sikumlaumu kwa kupima.

Madeni niyaseme hapa hapa, nisiwaache mkiwaza. Nilimwambia Jabiri asiende kulala kabla hajawaona wote wawili na kuwaambia kwa mdomo wake kwamba ahadi ya arobaini haitatimia. Alikwenda. Wanawake wa kikoba walimwombea bibi yake rehema, wakampangia tarehe. Kwa mwenye mabati nilikwenda naye mimi. Miaka yote nilikuwa naingia duka lile kwa vishindo, misumari tu nabishania robo saa.

"Mama Bima! Leo unapunguza nini?"

"Leo sipunguzi. Nimekuja kuomba muda."

Tabasamu likamtoka. Aliona aibu kwa niaba yangu, na hilo lilikuwa baya kuliko kama angenifokea. Akatupa muda. Tunalipa kidogo kidogo, mimi na mwanangu, na arobaini ilipita bibi yake akidaiwa. Hitma ilisomwa, watu wakala, na hakuna aliyetaja kiberiti. Bi Kidawa alinishika mkono tu. Bora angesema kitu.

Jabiri anajua kwamba nayaandika haya. Nilimwuliza. Hakusema andika, hakusema usiandike. Alisema, "Weka na kwamba nilikwenda kwa wa kikoba." Nimeweka.

Tulikwenda Dar siku mbili baada ya ile barua, mimi na Zuhura. Ofisi ile nilikuwa nikiingia kwa kupiga hodi kwenye kila meza. Safari hii nilichukua namba kama watu wengine nikakaa kwenye foleni. Dada wa mapokezi alinitambua, akataka nipite mbele, nikamwambia nipo sawa hapa.

Aliyetupokea alikuwa kijana, yule yule wa simu, nilimjua kwa sauti. Alisoma barua ya Zuhura yote. Akasema vizuri, ombi linaeleweka, malipo atayasimamisha leo. Kisha akavuta karatasi yake. "Na wewe mama, kwa kumbukumbu, ni nani kwa mnufaika?"

"Shangazi yake."

"Na kwa huyu anayepingwa, Bwana Jabiri? Mnajuana?"

Nyuma yetu walikuwepo watu kwenye viti. Vyumba vya ofisi zile havina milango siku hizi, ni vioo nusu.

"Mama yake mzazi," nikasema.

Kijana aliacha kuandika. Mtu mmoja nyuma yangu akakohoa. Nikamwambia, "Andika, baba. Ndivyo ilivyo."

Akaandika. Alikuwa na adabu, alifanya haraka. Ndipo akamgeukia Zuhura, sasa kwa uchangamfu, kama mtu aliyepita penye tope. "Lililobaki ni dogo. Unahitaji mlezi wa kweli. Unakaa kwa shangazi yako, na shangazi mwenyewe kazi hii anaijua. Tukimweka yeye, tunaanza upya na hatuchelewi. Au pesa zibaki hapa mpaka utimize miaka kumi na minane, uje uchukue mwenyewe."

Miwani nilikuwa nimekwisha ivaa. Kalamu ilikuwa mkononi.

Zuhura alitazama meza. "Zibaki. Nitakuja mwenyewe."

Kijana akadhani hajaelewa. "Ni miezi, dada. Na matumizi ya shule?"

"Nitangoja." Kisha akanigeukia, macho hayakufika usoni kwangu, yaliishia kwenye mtandio. "Samahani, shangazi."

"Usiniombe samahani."

Yule kijana akanitazama, akingoja nimbembeleze mtoto, kama watu wazima wanavyofanya wakikataliwa mbele ya wageni. Nami maneno nilikuwa nayo. Mtu niliyewauzia kifo watu wasiotaka kukisikia, maneno hayawezi kunipungukia. Nikaweka kalamu yake mezani.

"Mwandikie anavyotaka," nikamwambia. "Mwenye pesa ni yeye."

Akaandika, akaigeuza karatasi upande wa Zuhura. Zuhura akaisoma taratibu, kidole kikifuata mistari, akauliza neno moja, akajibiwa, akatia saini. Mimi nilikaa pembeni yake, mikono mapajani, kama jirani aliyeombwa kusindikiza.